Maji Yaliingilia Wapi? Bima ya Nyumba, Upepo na Mvua za Masika

Mkadiriaji wa hasara, kijana aliyetumwa na kampuni ya bima kupima uharibifu, alifika kwa jirani yangu hapa Msaranga, Moshi, siku ya nne baada ya upepo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu. Wala usivue viatu, humu ni tope tupu."

Alivua hata hivyo. Akasimama katikati ya sebule na kutazama juu, pale ambapo bati sita zilikuwa zimeng'oka pamoja na papi zake. Jipsam ilikuwa imeporomoka juu ya makochi. Tulitegemea aulize makochi yalinunuliwa kwa shilingi ngapi. Akauliza, "Mama, maji yaliingilia wapi?"

Chumba cha nyuma godoro lilikuwa limelowa hadi katikati, ilhali bati za juu yake hazikuguswa. Huko akauliza vilevile. Nje, kwenye fensi ya tofali iliyolalia barabara, hakuuliza kitu, aliandika tu. Mvua ilikuwa moja, usiku mmoja, nyumba moja. Kampuni ilileta majibu matatu: sebule italipwa, chumba cha nyuma hakilipwi, fensi haimo kabisa.

Mimi na jirani yangu tulikuwa tumeamini kwamba ukisema "nina bima" umemaliza. Tangu hapo nimesoma mikataba ya bima ya nyumba ya watu kadhaa wa mtaani, mstari kwa mstari, na kila mara narudi kwenye swali la yule kijana. Kampuni ya bima inaanza na kilicholeta uharibifu, na njia kilichopitia, kabla ya kufika kwenye hasara yenyewe. Ukikosa chanzo kilichoandikwa kwenye mkataba, ukubwa wa hasara haukusaidii.

Majanga huandikwa kwa majina

Nyumba nyingi Tanzania hukatiwa bima ya moto, kisha majanga mengine yakaongezwa juu yake. Msingi ni moto, radi na mlipuko wa gesi ya nyumbani. Ukikata msingi peke yake, halafu upepo ukabeba paa lote, huna cha kudai hata kama umelipa ada miaka kumi bila kukosa. Dhoruba, mafuriko, kupasuka kwa tenki na mabomba, tetemeko la ardhi, gari kuvamia nyumba, ghasia: hayo ni nyongeza, na kila moja hutajwa kwa jina lake. Kampuni nyingi huuza kifurushi cha nyumba chenye karibu yote hayo, ila kifurushi cha kampuni hii hakifanani na cha ile. Kwa hiyo kabla ya kusoma kitu kingine, fungua jedwali la mkataba, ule ukurasa wenye jina lako, anwani ya nyumba na kiasi cha bima. Tafuta neno dhoruba na neno mafuriko. Lisilokuwepo hukulilipia.

Mikataba mingi inayozunguka mikononi mwa watu hapa imeandikwa kwa Kiingereza, na hapo maneno yetu hupishana na yao. Sisi husema kimbunga kwa vitu viwili vilivyo mbali sana. Kuna kimbunga kinachozaliwa baharini, chenye upana wa mamia ya kilomita, kama Hidaya kilichofika Mafia na pwani yetu mwanzoni mwa Mei 2024. Na kuna ule mnara wa upepo unaozunguka, unaoshuka kutoka kwenye wingu la radi mpaka ukagusa ardhi, ambao Wamarekani huuita tonado. Tena tuna chamchela, ambayo kila aliyepita tambarare za Sanya kati ya Bomang'ombe na uwanja wa ndege wa KIA wakati wa kiangazi anaijua: vumbi linazunguka na kupanda juu mchana wa jua kali, bila wingu lolote.

Kwa bima, tofauti hizo hazina uzito mkubwa. Mahali palipoandikwa dhoruba, upepo wa namna zote hizo kwa kawaida unaingia humo, na katika mikataba niliyoisoma sikuona hata mmoja unaoitenga tonado. Isitoshe, Arusha na Moshi ziko mbali na bahari. Kinachong'oa mapaa yetu mara nyingi ni upepo unaoporomoka kutoka kwenye wingu zito la mvua, unaovuma dakika chache kabla ya matone ya kwanza, kisha unatulia kama haukuwahi kuwepo. Mtaa mmoja unaumia, wa pili hausikii kitu.

Mabishano huanzia hapo. Kampuni inataka kujua kama ilikuwa dhoruba kweli, au ni upepo wa kawaida uliokuta paa lililochoka. Mkadiriaji atatazama mapaa ya majirani. Anaweza pia kuomba taarifa kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, ambayo ina vituo kwenye viwanja vya ndege vya Moshi, KIA na Arusha. Kituo kiko kilomita kadhaa kutoka kwako na upepo wako ulikuwa wa mtaa mmoja, kwa hiyo picha ya mti uliovunjika kwa jirani ina thamani kubwa. Ipige siku hiyohiyo.

Yule kijana alifanya jambo ambalo sitalisahau. Aliokota kipande cha papi uani, akakikwaruza kwa ukucha. Mbao ilikuwa ngumu. Akageuza upande wa msumari: chini ya kofia yake kilibaki kipande cha bati kilichochanika, kimebanwa. Akatuonyesha. Bati lilichanwa likatoka msumarini wakati msumari umeshika mbao barabara. Hiyo ni nguvu ya upepo. Angekuta tundu limepanuka lenye kutu pembeni, na mbao inamomonyoka kwa mchwa, angeandika uchakavu, na uchakavu haulipwi na bima yoyote ya nyumba ninayoijua. Bima inabeba la ghafla. Linalokuja polepole ni la mwenye nyumba na fundi wake.

Juu au chini

Chini ya dhoruba, mikataba mingi ina sharti ambalo watu hulipita bila kuliona: maji ya mvua yaliyoharibu vitu ndani yawe yameingia kupitia tundu lililofunguliwa na dhoruba yenyewe. Upepo umeng'oa bati, mvua ikamwagikia makochi, hiyo inalipwa. Dirisha liliachwa wazi, au kofia ya paa ilikuwa inavuja tangu mwaka juzi, hapo hakuna malipo. Mvua ya mawe, ambayo watu wa miteremko ya Meru wanaijua vizuri, iulizie kwa jina. Kuna mikataba inayoitaja pamoja na dhoruba na kuna isiyoitaja.

Maji yanayotoka chini ni habari nyingine. Mtaro umejaa, mto umevunja kingo, maji yameingia chini ya mlango: hayo ni mafuriko, na yana mstari wake kwenye mkataba. Anayeishi kando ya Mto Rau au Themi asiridhike na neno dhoruba peke yake.

Kuna mlango wa tatu, na huu unanisumbua kuliko yote. Ardhi yenyewe inapohama, mikataba mingi inasema hapana, hata kama mafuriko yamo. Kuporomoka kwa mlima, kutitia kwa ardhi na ukuta kupasuka kwa sababu udongo umesogea hutengwa mpaka uvinunue kwa nyongeza. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe kutoka Mlima Hanang vilishuka juu ya Katesh, na zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Hayo yalikuwa maji, au ardhi? Kwa familia zilizofiwa swali hilo halina maana yoyote. Kwenye dai la nyumba lingeamua kila kitu. Sisi tunaojenga Kibosho, Machame, Marangu na juu ya Ngaramtoni tunajenga kwenye miteremko, mara nyingi tukiwa tumechimba kingo nyuma ya nyumba ili kupata uwanja. Tumuulize wakala kwa maandishi: tope likishuka kutoka juu na kubomoa ukuta wangu, mtaliita nini?

Mgawanyo huo wa upepo na maji si wa hapa tu. Wenye ndugu Texas au Oklahoma wamewasikia wakisema wana bima ya tonado, ingawa hakuna karatasi yenye jina hilo. Marekani, ambako kwa kawaida tonado huzidi 1,000 kwa mwaka, bima ya kawaida ya mwenye nyumba huilipa kama upepo, pamoja na mvua ya mawe. Mafuriko hayamo. Hayo hununuliwa peke yake, wengi kupitia mpango wa serikali kuu ulioanzishwa 1968, na kwa kawaida kinga yake huanza siku 30 baada ya kununua, kwa hiyo huwezi kukimbilia kuinunua wingu likiwa limeshatanda. Baada ya kimbunga Katrina, 2005, watu wa pwani za Louisiana na Mississippi walikuta imebaki misingi mitupu. Wenye nyumba walisema upepo ulitangulia, kampuni zikasema ni maji ya bahari, na kesi zikaendelea kwa miaka. Huko pia, kwa upepo na mvua ya mawe, sehemu ya hasara anayobeba mwenye nyumba mwenyewe huweza kuhesabiwa kwa asilimia ya bima ya jengo. Hata ikiwa asilimia 2 tu, kwa nyumba iliyokatiwa dola 300,000 ni dola 6,000 kutoka mfukoni.

Hapa kwetu sehemu hiyo mawakala huiita ekses. Mara nyingi ni asilimia ya dai, ikiwa na kiwango cha chini kilichotajwa. Bati mbili zikitoka, huenda dai lote likaishia ndani ya ekses, na ni afadhali kumlipa fundi tu.

Fensi, pagale na nyumba ya Desemba

Fensi na mageti hutengwa kwenye kifungu cha dhoruba katika mikataba mingi. Jirani yangu hakuwa na la kubisha hapo. Vilivyo nje wazi, kama tenki juu ya mnara wake au paneli za sola, viulizie kimoja kimoja. Mti wa jirani ukikuangukia nyumba kwa upepo, unadai kwenye bima yako mwenyewe. Jirani hulaumiwa pale tu ambapo alijua mti umeoza, akaonywa, akanyamaza. Ndiyo maana ule mkaratusi unaokutia hofu ufikishe kwa mwenyekiti wa mtaa kwa barua, na ubaki na nakala.

Pagale ni jambo zito zaidi, kwa sababu ndivyo tunavyojenga. Tunapaua, tunahamia vyumba viwili, madirisha ya mbele bado yana nailoni, na vyumba vingine vinasubiri fedha za mwakani. Kwa bima ya nyumba, jengo ambalo halijakamilika, milango na madirisha hayajafungwa, hutengwa kwa dhoruba. Sababu ya kiufundi ipo: upepo ukiingia ndani kupitia tundu la dirisha hulisukuma paa kutoka chini, huku upepo unaopita juu ukilivuta. Paa lile lile lingeshikilia kama nyumba ingefungwa. Jengo lililo mikononi mwa mafundi lina bima yake ya ujenzi. Kama umehamia kabla ya kumaliza, mwambie wakala ukweli huo siku ya kwanza na uombe jibu kwenye karatasi. Ukinyamaza, kampuni itaugundua siku ya dai, na hapo unapewa jina la mtu aliyeficha.

Halafu kuna nyumba ya kijijini. Kila Mchaga anajua ninachosema: nyumba nzuri ya tofali za kuchoma huko Rombo au Old Moshi, vigae juu, imefungwa miezi kumi na moja, inafunguliwa Desemba ndugu wanapopanda kutoka Dar es Salaam. Mikataba mingi ina kifungu kuhusu nyumba isiyokaliwa, mara nyingi zaidi ya siku 30 mfululizo, na kinga fulani hupungua au kusimama baada ya hapo. Bati likitoka Aprili na mvua ikanyesha ndani hadi Juni bila mtu kujua, kampuni itasema hasara ilikuzwa na kutelekezwa. Mlinzi anayelala banda la uani si lazima ahesabiwe kuwa mkaaji wa nyumba. Kifungu hicho hurekebishwa ukieleza mapema, na ada inaweza kupanda kidogo. Naona ni fedha inayostahili kutolewa, maana nyumba hizo ndizo tulizowekea akiba ya maisha yetu.

Kiasi ulichoandika

Hata chanzo kikikubalika, kuna hesabu inayowaumiza watu wazima, watu wenye elimu zao. Chukua nyumba ambayo kuijenga upya leo ni shilingi milioni 90. Mwenyewe ameikatia milioni 45 ili ada ipungue. Upepo unafanya hasara ya milioni 12. Anaona milioni 12 ni ndogo kuliko 45, kwa hiyo atalipwa yote. Kampuni inasema: umekata nusu ya thamani, basi nusu ya kila hasara ni yako. Inabaki milioni 6. Ekses ikiwa asilimia 10, anaondoka na milioni 5.4.

Kiasi sahihi ni gharama ya kujenga upya: vifaa, mafundi, kusomba kifusi. Bei ya kiwanja haimo, kwa kuwa upepo hauchukui kiwanja. Mtu wa Njiro au Shanty Town anayeandika bei ambayo angeuzia nyumba na kiwanja chake analipia ada ya ardhi bure. Na aliyeandika gharama za ujenzi za miaka kumi iliyopita bila kuzigusa amejipunja, kwani saruji na nondo hazikumsubiri. Ada yenyewe, kwa nyumba ya tofali na bati, mara nyingi haifiki asilimia moja ya thamani kwa mwaka. Kupunguza kiasi kunakuokolea kidogo sana ukilinganisha na unachokuja kupoteza.

Wenye mkopo wa benki waangalie zaidi. Bima ambayo benki ilikukatia huenda imeandikwa kwa kiasi cha mkopo tu, na benki ikawa ya kwanza kulipwa. Makochi na vyombo havimo mpaka uvikatie. Mpangaji naye asitegemee bima ya mwenye nyumba kwa mali yake. Na Tanzania kinga haianzi kabla ada haijalipwa, kwa hiyo ahadi ya kulipa mwisho wa mwezi haizuii mvua ya katikati ya mwezi.

Siku ya dai

Toa taarifa mara moja, kwa simu na kisha kwa maandishi. Piga picha kabla ya kufagia: paa, mbao, misumari, mti wa jirani, na ukuta kwa nje. Unatakiwa pia kuzuia hasara isikue, kwa hiyo funika kwa turubai, mlipe fundi wa dharura na utunze risiti. Usitengeneze kikamilifu kabla mkadiriaji hajafika, wala usiuze bati zilizokunjika kwa wanunua vyuma chakavu. Wakikuletea hati ya kukubali malipo na hukubaliani na kiasi, usiisaini kwanza, maana kwa kawaida inafunga dai lote. Andika kupinga, taja kifungu. Kampuni ikishikilia msimamo, kuna Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, yenye ofisi ya kanda Arusha, na kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Jirani yangu hakufika huko. Kampuni ilikataa chumba cha nyuma kwa maelezo kwamba ni unyevu uliopenya ukutani taratibu. Mkataba wake ulikuwa na mafuriko, kwa sababu benki ilidai yawemo. Asubuhi ya kwanza baada ya upepo, wakati sisi wote tunabeba makochi, yeye aliwakataza wajukuu kuosha ukuta wa nyuma. Mstari wa tope ulikuwa umejichora pale, umenyooka, unatoka mtaroni hadi kwenye kizingiti cha mlango, kimo cha ndoo. Nilimpigia picha kwa simu yangu, rula ya shule ikiwa imesimamishwa pembeni. Tuliandika barua ya ukurasa mmoja, tukabandika picha hiyo. Baada ya wiki tano godoro, kabati na plasta ya chumba vililipwa, ekses ikakatwa. Fensi aliijenga kwa fedha zake, na safari hii mafundi waliacha matundu ya kupitisha maji chini.